Joto la chini ya sakafu kwa banda dogo la vifaranga: nichague chanzo gani?

Swali, kutoka Newala

Ndugu wafugaji na mafundi, habari za kazi. Ninajenga banda la kulelea vifaranga 200 wa chotara, lenye mita 3 kwa 2.5, na kabla sijamwaga zege ningependa kupitisha mabomba ya maji ya moto chini yake, ili joto litoke chini badala ya kutoka juu. Kwa sasa ninatumia taa mbili za joto za wati 250 kwa saa 14 kila usiku, yaani uniti 7 za umeme, na huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde usiku wa Juni hadi Agosti una baridi ya kutosha kuua vifaranga umeme ukikatika. Mwaka jana nilipoteza 60 kwa usiku mmoja. Jiko la mkaa ndani ya banda sitaki kulisikia tena, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, nami ndiye ninayeingia humo usiku wa manane. Je, nipashe maji kwa gesi ya mtungi, kwa jua, kwa kuni au kwa maganda ya korosho, ambayo hapa hayana shida kupatikana?

Jibu la fundi bomba, Mtwara Mjini

Ndugu yangu, pole kwa hasara hiyo. Uniti 7 ulizotaja ni sawa na megajuli 25, na hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Maji lita 300 yakishuka kutoka nyuzi 60 hadi 40 hutoa takriban joto hilohilo, kwa hiyo ukiwa na tangi la ujazo huo lililofunikwa vizuri, usiku wako mzima umo ndani yake. Sakafu haihitaji moto mkali. Inahitaji uvuguvugu usiokatika, na ndiyo maana mimi ningeanza na jua. Miezi yenu ya baridi ndiyo miezi ya kiangazi, mvua hakuna. Paneli za kupasha maji za mita 3 za mraba hivi, zikiwa zimeelekezwa kaskazini, zinaweza kukujazia tangi hilo siku yenye jua zuri.

Lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Maji ya moto hupanda yenyewe, kwa hiyo yakizunguka bila pampu ni lazima chanzo cha joto kiwe chini kuliko sakafu. Tangi likiwekwa juu ya paa utahitaji pampu ndogo yenye betri, ambayo usiku ikizimika hurudi uleule msiba wa umeme. Kama kiwanja chako kina mteremko, jenga jiko na tangi upande wa chini. Tumia mabomba ya PPR, plastiki inayostahimili maji ya moto, kwani PVC ya kawaida hulegea, na chini ya zege tandika povu gumu kama lile la maboksi ya kubebea samaki, la sivyo utakuwa unaipasha ardhi ya Newala. Kuhusu shida ya maji ya huko juu usiwe na hofu: mzunguko ukifungwa, maji yaleyale hutumika kwa muda mrefu.

Gesi ya mtungi ninaihesabu kuwa akiba tu. Kwa jiko la kawaida utamaliza karibu kilo moja kwa usiku, hivyo mtungi wa kilo 6 hautafika wiki.

Jibu la mama mfugaji, Masasi

Mwanangu, maganda ya korosho yaache. Yanawaka vizuri mno, ila yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na kula mabati. Choma matawi ya mikorosho yanayobaki baada ya kupogoa.

Mimi sina mabomba. Nina mfereji wa matofali chini ya sakafu, moto unawashwa nje, moshi unapita chini na kutokea kwenye dohani upande wa pili. Wakorea wamekuwa wakipasha nyumba zao hivyo tangu zamani. Ninawasha saa kumi jioni na sakafu bado ina joto alfajiri. Ubaya wake ni kwamba ufa mmoja tu huingiza moshi bandani, kwa hiyo ninakagua kabla ya kila kundi.

Chochote utakachochagua, usipashe sakafu yote. Zege likishapata moto halipoi kwa haraka, na kifaranga aliyezidiwa na joto lazima awe na pa kukimbilia. Pasha nusu, weka kipimajoto kimo cha mgongo wa kifaranga, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Maranda yawe membamba, maana yakiwa mazito yanazuia joto lisipande. Wakijikusanya wana baridi; wakihema midomo wazi, umezidisha.

Muuliza swali

Shikamoo mama, na ahsante sana fundi. Kiwanja changu kina mteremko wa karibu mita moja na nusu upande wa kusini, kwa hiyo tangi la lita 300 litakaa huko chini, likiwa na tanuri dogo la kuni chini yake kwa siku za mawingu, na paneli zitakaa chini zaidi ya tangi, mahali pasipo na kivuli. Mabomba nitayapitisha nusu ya sakafu tu. Fundi, naomba unieleze kipenyo cha bomba kinachofaa ili maji yazunguke yenyewe bila pampu, kwa kuwa zege ninakusudia kulimwaga wiki ijayo.

Fundi bomba

Usishuke chini ya milimita 25, na kila bomba lipande kidogo kidogo kuelekea mwisho, bila kuacha mgongo wowote wa kukamata hewa. Sehemu ya juu kabisa weka koki ya kutolea hewa. Jaza maji na uyaache mabomba yakiwa na presha siku nzima kabla ya kumwaga zege, kwa sababu uvujaji utakaougundua baadaye utakulazimu kuvunja sakafu.