Naomba ushauri: Je, Kumbukumbu la Torati 25 inamlazimisha mjane kurithiwa na shemeji yake?

KakaMtu (mleta uzi)

Ndugu zangu wanajukwaa, heshima kwenu nyote, na shikamoo kwa walionizidi umri.

Mdogo wangu wa kike alifiwa na mumewe mwanzoni mwa mwaka huu, akabaki na mabinti wawili wanaosoma shule ya msingi. Matanga yalipokwisha, ukoo wa marehemu uliitisha kikao na kutamka kwamba mdogo wa marehemu, ambaye tayari ana mke na watoto, ndiye atakayemrithi mjane pamoja na nyumba na shamba. Jambo hili si geni kijijini kwetu huku Kanda ya Ziwa, na lingeletwa kama mila tupu ningejua namna ya kulijibu. Kilichonitatiza ni kwamba baba mkubwa wa marehemu, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu ninayemheshimu kwa dhati, alifungua Biblia mbele ya watu wote, akasoma Kumbukumbu la Torati 25:5-10, kisha akasema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, na kwamba mjane anayekataa analifuta jina la mumewe, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume.

Mdogo wangu ni mtu wa sala. Hataki kuolewa na shemeji yake, lakini tangu siku ile hana amani, na ameniuliza kama akikataa atakuwa amemkataa Mungu. Kikao cha pili kitakaa baada ya mavuno, na mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya upande wetu. Naomba wenye elimu ya Maandiko mnisaidie: sheria hii ilitoka wapi, ilikusudiwa kutatua jambo gani, na wale walioipokea tangu zamani wameielewaje? Sitafuti maneno ya kumwaibisha mzee. Natafuta ukweli unaoweza kusimama mbele yake.

Mwalimu wa Agano la Kale

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu, na umfikishie mdogo wako pole zetu.

Mwombe mzee asome andiko lote polepole, kwa sababu masharti yake ni mengi kuliko watu wanavyokumbuka. Sheria inawahusu ndugu wanaokaa pamoja, yaani walio katika urithi ambao haujagawanywa. Inamhusu mtu aliyekufa bila mwana. Na kusudi lake limetajwa wazi katika aya ya 6: mzaliwa wa kwanza atakayepatikana asimame kwa jina la marehemu, ili jina hilo lisifutike katika Israeli. Kisha, kuanzia aya ya 7 hadi ya 10, yaani zaidi ya nusu ya sheria nzima, andiko linaeleza nini kifanyike iwapo ndugu wa marehemu hataki. Mjane anakwenda langoni kwa wazee, wazee wanamwita yule ndugu na kusema naye, naye akishikilia kukataa, mjane anamvua kiatu mguuni na kumtemea mate usoni, na nyumba yake inaitwa nyumba ya aliyevuliwa kiatu. Hiyo ni aibu kubwa, lakini ni aibu tu. Kitabu hichohicho, katika sura ya 21, kinaagiza mwana mkaidi apigwe mawe hadi afe, kwa hiyo hakioni haya kutoa adhabu kali kinapotaka. Hapa hakikutaka.

Kuhusu asili yake, Israeli haikuwa peke yake. Wahiti, waliotawala nchi ambayo leo ni Uturuki, waliandika sheria zao kwenye vibao vya udongo takriban miaka 3,500 iliyopita, na ile ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya 193 inasema kwamba mume akifa, ndugu yake amtwae mjane. Ndugu naye akifa, baba mkwe amtwae. Naye akifa, amtwae jamaa mwingine wa kiume wa ukoo huo. Hakuna neno lolote kuhusu kukosa mtoto wala kuhusu jina la marehemu. Mjane anahama kutoka mkono hadi mkono ndani ya nyumba ileile. Sheria za Ashuru ya kale zilimfahamu pia baba mkwe kuwa na sauti juu ya mjane, lakini zilisema kwamba kama mume na baba mkwe wote wamekufa, na mwanamke hana mwana, aende popote apendapo. Hammurabi wa Babeli, ambaye jiwe lake la sheria lilifukuliwa huko Susa mwaka 1901, hana kabisa sheria ya kurithi mjane; kwake, mjane ana haki ya kukaa katika nyumba ya mumewe, na akitaka kuondoka anachukua mali aliyokuja nayo kutoka kwao na kuolewa na mwanamume ambaye moyo wake umempenda.

Ukiisoma Kumbukumbu la Torati katikati ya majirani hao, unaona imeipokea desturi pana na kuipunguza. Hata ndani ya Biblia yenyewe mwendo huo unaonekana. Katika Mwanzo 38, habari za Tamari, baba mkwe ndiye anayeamuru, na Onani, ndugu wa marehemu, hapewi njia ya kukataa. Katika Kumbukumbu la Torati baba mkwe ametoweka na njia ya kukataa imewekwa. Zaidi ya hapo, Mambo ya Walawi 18:16 na 20:21 inakataza mtu kumtwaa mke wa nduguye. Njia iliyozoeleka ya kuyapatanisha maandiko haya ni kwamba katazo ndilo kanuni, na Kumbukumbu 25 ni ruhusa ya pekee kwa ajili ya marehemu asiye na mzao. Sababu ya ruhusa ikikosekana, katazo linarudi mahali pake.

Mtetezi wa Mila

Mwalimu, nimekusoma kwa makini, lakini naomba tusiwaonee wazee wetu. Zamani mjane mwenye watoto wadogo, bila mtu wa kumlimia wala wa kumtetea barazani, aliweza kupotea yeye na wanawe. Ndugu wa marehemu aliyechukua jukumu hilo aliongeza vinywa vya kulisha, na wengi walifanya hivyo kwa uaminifu. Mama yangu mzazi alirithiwa, na baba yangu wa kambo alinisomesha.

Pia sijaona jibu la hoja ya mzee. Yeye hasemi kwamba marehemu hakuwa na watoto. Anasema hakuacha mtoto wa kiume. Je, mabinti wanahesabiwa katika sheria hii?

Msomaji wa Mishna

Mtetezi, hapo ndipo penye kiini cha uzi huu, na nashukuru umepauliza bila kuzunguka.

Jibu la kwanza limo katika Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mbele ya mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao liondolewe katika jamaa yake kwa sababu hakuwa na mwana. Hoja yao ni hiyohiyo ya jina, na jibu alilopewa Musa ni kwamba mabinti hao wamenena haki: mtu akifa bila mwana, urithi wake umpitie binti yake. Ni kweli kwamba sura ya 36 iliwawekea sharti la kuolewa ndani ya kabila lao ili ardhi isihame. Lakini jina la baba yao lilisimama kupitia wao, bila mjane yeyote kukabidhiwa kwa shemeji.

Jibu la pili ni la wale waliobeba sheria hii kwa vizazi vyote. Marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, ambao mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna takriban mwaka 200 baada ya Kristo, waliandika sehemu nzima iitwayo Yevamoti kuhusu mjane wa namna hii. Msimamo wao ni kwamba mzao wa aina yoyote, wa kiume au wa kike, hata mjukuu, anamweka mjane nje ya sheria. Na kwa kuwa yuko nje ya ruhusa, anarudi chini ya katazo la Walawi. Kwa maneno mengine, kwa mafundisho ya Kiyahudi, mdogo wako mwenye mabinti wawili halazimiki kuolewa na shemeji yake, na tena amekatazwa kabisa. Mzee akitaka kuishika Torati kama walivyoishika wenyewe, Torati hiyo inafunga mlango anaotaka kuufungua.

Ziko hatua zilizofuata. Mishna yenyewe inasema kwamba hapo kwanza, watu walipoitwaa ndoa hii kwa nia ya kutimiza amri, ilipewa kipaumbele kuliko kuvua kiatu. Lakini kwa kuwa sasa nia hiyo haipo, kuvua kiatu ndiko bora. Aba Shauli, mmoja wa marabi hao, alikaza zaidi: anayemtwaa mjane wa nduguye kwa sababu ya uzuri wake au kwa faida nyingine ni kama aliyeingia katika uzinzi wa ndani ya ukoo. Katika karne za kati, Wayahudi wa Ujerumani na kaskazini mwa Ufaransa walikwenda na maoni ya kuvua kiatu, ilhali jumuiya nyingi za nchi za Kiarabu ziliendelea na ndoa yenyewe, maana Maimonides, rabi mashuhuri wa karne ya 12, aliitanguliza. Mwaka 1950 marabi wakuu wa Israeli waliizuia ndoa hiyo nchini mwao, wakabakiza kuvua kiatu peke yake. Tendo hilo hufanywa hadi leo mbele ya waamuzi watano: kiatu cha ngozi kinachotunzwa na baraza hufungwa kwenye mguu wa kulia wa mwanamume, mjane huzifungua kamba na kukivua, kisha hutema mate chini mbele yake badala ya usoni.

KakaMtu

Mwalimu, na wewe Msomaji, mmenipa vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia mimbarini. Mtetezi, nakushukuru pia, kwani habari ya mama yako inanikumbusha kusema kwa adabu. Ila nina swali moja ambalo mdogo wangu ataniuliza. Je, katika sheria hii kuna mahali mjane anaulizwa kama anataka?

Mwalimu wa Agano la Kale

Hapana. Mwanamume anaweza kukataa na mwanamke analalamika anapokataliwa, lakini andiko halisemi lolote kuhusu mwanamke asiyetaka, na usijaribu kulifanya liseme. Tunachoweza kusema ni kwamba yeye ndiye anayepanda langoni, yeye ndiye anayenena na wazee, na mkono wake ndio unaovua kiatu. Kwa dunia ile, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Waliokuja baadaye waliliona pengo hilo. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi uliojengwa juu ya Mishna, inaleta fundisho kutoka kwa Rabi Elazari mwana wa Azaria kuhusu mjane aliyeangukia kwa shemeji mwenye majipu mabaya ya ngozi. Wakaangalia aya inayotangulia sheria hii, Kumbukumbu 25:4, inayokataza kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka, wakafundisha kwamba aya hizo mbili zimewekwa jirani kwa sababu: mjane naye asifungwe kinywa. Akisema hamtaki, asilazimishwe. Ni mlango mwembamba, kwa hali moja tu, lakini waliupata ndani ya Torati yenyewe, na mimi kila ninapoufundisha napenda kuuchelewesha ili darasa liutafakari.

Mama Mchungaji

Naongeza upande wa kanisa. Masadukayo walipomletea Bwana Yesu habari ya mke mmoja na ndugu saba, walikuwa wakiitumia sheria hii kuukejeli ufufuo, naye hakuisisitiza wala kuiagiza kwa wanafunzi wake. Paulo, katika 1 Wakorintho 7:39, anasema mume akifa mke yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Mwanzoni mwa karne ya 4, mtaguso wa Neokaisaria, yaani mkutano wa maaskofu, ulimtenga na ushirika mwanamke aliyeolewa na ndugu wawili. Kanisa la kale, kwa hiyo, halikuwa upande wa kurithi wajane.

Msomeni pia Ruthu sura ya 4. Jamaa aliye karibu zaidi alikuwa tayari kulikomboa shamba, ila alipoambiwa kwamba Ruthu yumo, ili jina la marehemu lisimame juu ya urithi wake, alirudi nyuma na kusema kwamba ataharibu urithi wake mwenyewe. Alielewa vizuri kwamba shamba lingekuwa la mtoto wa marehemu. Sheria ilimgharimu anayeitimiza. Muulizeni shemeji kwa upole: akimtwaa mjane, shamba litaandikwa kwa jina la nani? Kama si kwa jina la wale mabinti wawili, basi hatuzungumzii tena jambo ambalo Musa alilizungumza.

Wakili wa Pembeni

Kwa kuwa ndugu yuko Tanzania, ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba hata kama mila inasema vinginevyo, mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, yaani mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo nchi yetu imeiridhia, inarudia haki hiyo katika ibara ya 20. Suala la nyumba na shamba lina njia yake kupitia usimamizi wa mirathi mahakamani, na namshauri mjane alianze mapema, akiwa na cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bila kusubiri kikao kimalize maneno yake.

Mtetezi wa Mila

Swali langu limejibiwa, na hoja ya mabinti wa Selofehadi nimeikubali. KakaMtu, nakushauri usiyaweke haya yote mezani siku ya kikao, kwa maana mzee akipingwa kwa Biblia mbele ya vijana wake hatakuwa na pa kurudia. Mwendee nyumbani kwake wiki mbili kabla, ukiwa na mtu mmoja wa rika lake kutoka upande wenu, mfungue pamoja Kumbukumbu 25, Walawi 18, Hesabu 27 na Ruthu 4, na umwachie yeye nafasi ya kuwaeleza wanawe. Siku ya kikao mdogo wako aseme mwenyewe kwanza, kisha wewe.

KakaMtu

Nitafanya hivyo. Baba yangu mdogo alisoma na mzee huyo na wanaheshimiana, kwa hiyo nitamwomba anisindikize. Usiku huu nimemsomea mdogo wangu kwa simu aya ya ng'ombe na ile ya Paulo, na ameniomba nimwandikie zote kwenye karatasi ili azisome mwenyewe.