Naomba ushauri: CV ya fundi wa umeme asiye na barua za kazi

Habari zenu wadau, naombeni ushauri kuhusu CV ya mdogo wangu, tuko hapa Kondele, Kisumu. Alimaliza dipuloma ya umeme akafanya atachimenti (mafunzo ya kazini), na tangu hapo anafanya vibarua na fundi mmoja wa Kibuye mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi. Kazi anaijua kweli, akiingia kwa nyumba anafuata waya polepole mpaka anapata penye moto umekatikia. Sasa CV aliyochapiwa saiba ni kurasa nne, inaanza na dini, namba ya kitambulisho, kama ameoa, alafu KCPE ya shule ya msingi, na hiyo kazi ya mkono haina hata mstari mmoja! Mimi naona hiyo ndio ingekaa juu kabisa. Sasa kazi isiyo na barua unaiandika aje ndio mwajiri aiamini? Na huyo fundi anaweza kuwa refarii, yaani mtu wa kumthibitishia kazi, kama hana ofisi, ako na simu tu? Namba ya kitambulisho nataka tutoe, hizo karatasi zinapita mikono mingi. Kuna nafasi ya matengenezo kwa hoteli fulani na mwisho wa kupeleka ni Ijumaa, kwa hivyo mwenye amewahi kuajiri mafundi tafadhali anisaidie, nitashukuru sana.