Mashine ya tambi ya kuzungusha kwa mkono: nichague ipi, na niitumieje?

Mama wa Kampemba (muulizaji)

Ndugu wapishi wa Lubumbashi, nawasalimu nyote. Nyumbani kwangu tambi ni chakula cha Jumapili, na kwa muda mrefu nimetamani kuzitengeneza mwenyewe kwa mayai na unga wa ngano badala ya kununua pakiti za dukani. Kwa kuwa umeme wa mtaani kwetu hukatika bila taarifa, sitaki mashine ya kuchomeka ukutani. Nataka ile ya chuma inayobanwa pembeni mwa meza na kuzungushwa kwa mkono.

Nimeonyeshwa mbili. Ya kwanza imeshatumika, ni ya Italia, imeandikwa Atlas 150, nayo inauzwa na familia inayohama. Ni nzito na bado inang'aa, ila mkono wake wa kuzungushia umepotea. Ya pili ni mpya, imo ndani ya boksi, haina jina la kiwanda ninalolijua, ni nyepesi zaidi, na muuzaji anaisifu kwa sababu inakuja na vikatio vitatu vya ziada. Bei zake zinakaribiana. Naomba kujua nizikague vipi kabla ya kutoa fedha, na nikishanunua nilikande donge namna gani. Vilevile ningependa kujua kama naweza kuchanganya unga wa muhogo au wa mahindi ili kupunguza gharama, na tambi zikishakatwa nizianike wapi, kwa sababu majira ya mvua yanakaribia.

Fundi vyuma, Katuba

Mama, pokea salamu. Mashine za aina hii huletwa kwangu kutengenezwa, na karibu zote huja na ugonjwa mmoja: zimeoshwa kwa maji. Nitarudi kwenye jambo hilo, lakini kwanza tuzungumzie kununua.

Usishawishiwe na wingi wa vikatio. Kazi yenyewe hufanywa na rola mbili laini zinazolibana donge, na kama rola hizo si sawasawa, hakuna kikatio kitakachoziokoa tambi zako. Chukua mashine, zungusha kifundo cha namba kilicho ubavuni mpaka nafasi iwe ndogo kuliko zote, kisha iinue mbele ya dirisha utazame mwanga unaopita kati ya rola. Mstari wa mwanga unapaswa kuwa na unene uleule kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukiwa mpana upande wa kushoto na mwembamba upande wa kulia, iache mashine hiyo hata kama bei ni nzuri, kwa sababu kila ukanda utatoka umepinda kama jambia: upande mwembamba hurefuka kuliko upande mnene, na ukanda hujikunja kuelekea kule kwenye unene.

Baada ya hapo shika rola kwa vidole uitikise. Ikicheza juu na chini, mashimo inamokaa yamekwisha kulika. Sikiliza pia gia zinapozunguka. Mlio laini si tatizo, ila mkwaruzo unaorudi mahali palepale katika kila mzunguko ni dalili ya jino lililovunjika. Mwisho tazama jiriwa, yaani kile chuma chenye parafujo kinachoibana mashine mezani, na uhakikishe kwamba mdomo wake unaingia kwenye meza yako. Meza ya plastiki haifai hata kidogo, kwa sababu itapinda mara utakapoanza kuzungusha. Meza ya mninga ambayo ubao wake wa juu umetokeza pembeni ndiyo nzuri kuliko zote.

Kwa hizo mbili zako, mimi ningeelekea kwenye ya Italia, ikiwa itafaulu mtihani wa dirisha. Atlas ni mashine ya kiwanda cha Marcato, kilichoanzishwa mwaka 1930 na Otello Marcato huko Campodarsego, karibu na mji wa Padova, na ile 150 ni upana wa rola kwa milimita. Kifundo cha mashine hiyo kwa kawaida huenda kutoka 0 hadi 9: kwenye 0 ukanda una karibu milimita 5, na kwenye 9 umeshuka hadi kama nusu milimita. Usidhani kwamba kila kiwanda hupanga namba kwa mtindo huo. Ukipata mashine ya jina lingine, amini macho yako kabla ya kuamini namba. Mkono uliopotea ni jambo dogo. Fundi yeyote mwenye tupa na subira anaweza kuuchonga, mradi tundu unamoingia liwe bado na kingo zake na lisiwe limelika likawa la mviringo.

Sasa maji. Usiioshe kamwe, wala usiitumbukize, wala usiifute kwa kitambaa kilicholowa. Rola za alumini zikiguswa na maji na sabuni hutoa uchafu wa kijivu unaoingia kwenye chakula. Za chuma kilichopakwa kromu hushika kutu pale kromu ilipokwaruzika. Na unga ulioingia kwenye gia ukilowa hukauka ukawa mgumu kama saruji. Iache mashine ikauke, kisha ipige polepole kwa kiganja na uifagie kwa brashi kavu, na vipande vilivyong'ang'ania uvitoe kwa kijiti cha mti. Kisu kisiingie kati ya rola hata siku moja. Ikihitaji kulainishwa, tia matone machache ya mafuta ya vazelini kwenye ncha za rola, usitumie mafuta ya kupikia, ambayo baada ya muda huchacha na kugandamana.

Mpishi wa Bel-Air

Namuunga mkono fundi katika yote, nami nitaongeza yanayohusu donge, kwa sababu lawama nyingi zinazotupiwa mashine ni za donge.

Kabla ya yote, mashine ikifika nyumbani ifute kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha kipande cha donge mara kadhaa kwenye rola na kwenye vikatio, ukitupe. Kitatoka kimebeba mafuta ya kiwandani na vumbi la kabatini.

Anza na mizani. Waitaliano huhesabu yai moja kwa gramu 100 za unga, lakini yai linalokusudiwa lina gramu 50 hivi bila ganda, wakati mayai ya kuku wa kienyeji tunayoyapata hapa ni madogo zaidi. Kwa hiyo kwa nusu kilo ya unga vunja mayai ndani ya bakuli lililo juu ya mizani mpaka yafike gramu 250, na yakipungua kidogo jazia kwa maji. Asiye na mayai anaweza kutumia mililita 250 za maji peke yake, na tambi zitafanyika vizuri, ingawa zitakuwa nyeupe na laini zaidi mdomoni. Unga wa ngano wa mkate unafaa kabisa. Ukibahatika kupata semolina ya ngano ngumu, ichanganye kiasi ili tambi ziwe na uimara, ila hakikisha umesoma mfuko, kwa sababu semolina nyingi inayouzwa hapa ni ya mahindi, ile ya kupikia bukari, yaani ugali. Chumvi usiitie kwenye donge. Mahali pake ni kwenye maji ya kuchemshia.

Kanda kwa dakika 10 bila kulionea donge huruma. Mkono uliozoea chapati utaona kwamba donge hili ni gumu kupita kiasi, na hapo ndipo watu huongeza maji yasiyohitajika. Usiongeze. Donge la chapati ni laini mno kwa mashine. Litagandia rola na kujaza meno ya kikatio. Donge linalofaa ukilibonyeza kwa kidole gumba, shimo hurudi polepole, na kidole hutoka kikiwa safi. Lifunike kwa bakuli lipumzike dakika 30, ili unga umalize kunywa maji na gluteni, yaani ile protini ya ngano inayolifanya donge livutike, iliyokazwa na mikono ilegee. Ukilipitisha kabla ya kupumzika, litakuwa linarudi nyuma na kunywea kila likitoka.

Baada ya hapo kata kipande cha ukubwa wa yai, na vilivyobaki uviache chini ya bakuli. Kibonyeze kwa kiganja kiwe bapa, kipitishe kwenye nafasi iliyo pana kuliko zote, kikunje mara mbili, kipitishe tena, na uendelee hivyo mara tano au sita. Mara ya kwanza kitatoka kikiwa na ngozi yenye mikwaruzo na pembe zilizochanika; usihuzunike, kwa sababu kazi hiyo ni kukanda kwa mara ya pili, na baada ya mikunjo kadhaa utaona uso umekuwa laini na kingo zimenyooka. Ndipo uanze kupunguza nafasi, namba moja kwa kila mpito, bila kukunja tena na bila kuruka namba. Paka unga kidogo sana pande zote mbili kila unapohisi unyevu. Kwenye Atlas simama karibu na namba 5 kwa tambi za kawaida. Kata ukanda uwe na urefu wa sentimita 25 hivi, uuache juu ya kitambaa kwa dakika chache mpaka usigandie tena mkononi, kisha ndiyo uupeleke kwenye kikatio. Mtoto mmoja azungushe, wewe upokee tambi kwa mikono miwili.

Jambo moja zaidi: mashine hii haitatoa makaroni yenye tundu. Hayo husukumwa kwa nguvu kupitia matundu ya kifaa cha aina nyingine. Hii hutoa kanda bapa na nyuzi za pembe nne, na pia shiti pana za lazanya.

Yaya wa Ruashi

Kuhusu muhogo na mahindi nitajibu kwa ufupi. Kinachoshikilia ukanda usikatike ni gluteni, nayo haimo kwenye muhogo wala kwenye mahindi. Unaweza kuondoa sehemu moja katika tano za ngano ukaweka unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, na donge bado litavutika. Ukizidisha hapo, ukanda utakatika katikati ya rola. Kwa maoni yangu akiba hiyo ni ndogo mno. Afadhali ubanie mayai kuliko kuubania unga wa ngano.

Mama wa Kampemba

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimeichukua ya Italia. Mwanga ulikuwa sawa kutoka mwisho hadi mwisho, na fundi wa jirani amenichongea mkono mpya. Nimefuata vipimo, na ukanda unatoka laini. Yamebaki mawili: kikatio kipana kinafanya kazi safi, lakini kile chembamba kinapiga alama tu, na nyuzi zinabaki zimeshikana. Pia, je, nichemshe kwa dakika ngapi kwenye mbabula, yaani jiko la makaa?

Mpishi wa Bel-Air

Mama, nyuzi kushikana maana yake ni kwamba ukanda bado una unyevu. Rudisha donge hilo kwenye nafasi pana, linyunyizie unga kidogo, likunje na ulipitishe tena, halafu uache ukanda upigwe na hewa kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyofanya. Ukiugusa unapaswa kuhisi kama ngozi laini ya mkoba. Usiache ukauke zaidi ya hapo, kwa sababu utavunjika kwenye meno. Na kama siku nyingine rola zitakataa kuushika ukanda kabisa, tatizo litakuwa ni kinyume chake, yaani donge kavu, nalo hutibiwa kwa matone ya maji na kukandwa upya.

Kuhusu kuchemsha, weka lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji yetu hutokota yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi, si 100. Ndiyo maana dakika zinazotajwa katika mapishi ya Ulaya huwa hazitoshi hapa. Anza kuonja baada ya dakika tatu. Kwenye mbabula hakikisha makaa yote yameshika moto kabla ya kutia tambi, na uzichemshe kwa mafungu mawili, kwa sababu ukizimwaga zote pamoja maji yatapoa, na zitagandana kabla hayajatokota tena. Mchuzi uwe tayari, wa nyanya na kapenta au wowote uupendao, kwa maana tambi mbichi hazivumilii kungoja.

Muuza tambi, Kamalondo

Limebaki swali la kuanika, na hilo ndilo kazi yangu ya kila siku. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi ni kavu mno, na tatizo ni kwamba tambi hukauka upesi kupita kiasi: uso unakaza wakati ndani bado pana unyevu, na baadaye zinapasuka zenyewe. Miezi hiyo zitundike ndani ya nyumba, mbali na jua na vumbi la barabarani, juu ya fimbo safi, na uzifunike kwa kitambaa chepesi ili zikauke taratibu.

Mvua zikishaanza, badili utaratibu. Zile za mayai usizianike kabisa. Hazitakauka hadi ndani, zitabaki katika unyevu na joto, na yai bichi lililo katika hali hiyo ni hatari kwa tumbo. Zitengeneze siku ile ile utakapozila, uzinyunyizie unga, uzikunje vifungu vidogo juu ya sinia na uzichemshe ndani ya saa mbili. Wenye friza huzigandisha, lakini ikiwa umeme hukatika kwa muda mrefu, friza hiyo haiaminiki. Za kuweka akiba ni zile za unga na maji pekee. Zianike mwishoni mwa kiangazi, na kabla ya kuzifungia kwenye mtungi wenye kifuniko vunja moja iliyo nene kuliko zote: ikikatika kwa mlio na ndani ikawa na rangi moja, zimekauka, ikiwa katikati pana doa jeusi zaidi, ziache siku nyingine kwenye fimbo.