Kullervo ya Sibelius: tuanze na rekodi ipi?

Mpenda Santuri

Salaam, ndugu zangu. Simfoni za Jean Sibelius, mtunzi wa Finland, nimezisikiliza kwa muda mrefu, na sasa nataka kuingia katika kazi zake za waimbaji na okestra, kuanzia Kullervo, ambayo aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza mjini Helsinki tarehe 28 Aprili 1892, akiwa kijana wa miaka 26. Ninachofahamu ni kwamba ina sehemu tano, kwamba kwaya yake ni ya wanaume watupu, na kwamba waimbaji wawili wa pekee wanasikika katika sehemu ya tatu tu. Kinachonitatiza ni uchaguzi. Kati ya viongozi wa okestra, Paavo Berglund aliirekodi mara mbili, Osmo Vänskä mara mbili, Colin Davis mara mbili, na bado kuna ya Neeme Järvi na ya Esa-Pekka Salonen. Kifini sikijui. Kwa msikilizaji anayetaka kuifuata hadithi yenyewe, si kuburudishwa na mlio tu, ipi inafaa kutangulia, na asikilize nini hasa ndani yake?

Sauti ya Nne

Ndugu Mpenda Santuri, rai yangu ni kwamba Kullervo ipimwe kwa kwaya kabla ya kupimwa kwa okestra, kwa sababu kwaya ndiyo msimulizi. Maneno yanatoka katika Kalevala, utenzi wa Kifini wenye kisa cha kijana Kullervo, aliouchapisha Elias Lönnrot mwaka 1835 na kuupanua mwaka 1849 kutokana na nyimbo zilizoimbwa na watu wa vijijini. Kila mstari wake una mizani minane, sawa na kipande cha utenzi wetu, ila mkazo wa Kifini huangukia silabi ya kwanza ya neno, si ile ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Katika uimbaji wa kale mizani sita ya mwanzo hupita kwa haraka na miwili ya mwisho huvutwa, ndipo yanapopatikana mapigo matano. Sibelius aliyahifadhi mapigo hayo matano katika sehemu ya tatu. Kwaya inapoingia na maneno "Kullervo, Kalervon poika", wanaume wote wakiimba kwa pamoja bila kugawana sauti, utajua mara moja kama maneno hayo wanayo kinywani au wanayasoma karatasini. Kwaya isiyoizoea lugha huisawazisha mikazo yote, na simulizi hugeuka kuwa mdundo wa kuhesabu.

Kwa hiyo anza na Berglund wa mwaka 1970, rekodi ya kwanza ya studio ya kazi nzima. Okestra ni ya Bournemouth, Uingereza, lakini kwaya ni Ylioppilaskunnan Laulajat, wanaume wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na waimbaji wa pekee ni Raili Kostia na Usko Viitanen. Okestra si laini kama utakavyoisikia katika rekodi za baadaye, na mimi nauthamini ukavu huo, kwa kuwa hadithi yenyewe ni kavu: kijana anatoka kulipa kodi, anakutana na wasichana njiani, wa tatu anamvutia ndani ya sleji yake, yaani gari la kuteleza juu ya theluji, na baadaye wanatambuana kuwa ni ndugu wa damu. Colin Davis na kwaya yake ya London wanapendeza, lakini nawaweka nyuma kwa sababu hiyo hiyo ya maneno.

Mkazi wa Espoo

Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu kwaya, lakini si kuhusu rekodi. Ningemwelekeza mwuliza swali kwa Vänskä na Okestra ya Lahti, rekodi ya mwaka 2000, ambayo kwaya yake ni hiyo hiyo ya Helsinki. Wengi huilaumu kwa kwenda polepole, maana inakaribia dakika 80 wakati Berglund wa 1970 anamaliza katika dakika kama 72. Hata hivyo, tukumbuke historia. Sibelius aliiweka kando kazi hii baada ya mwaka 1893, na haikupigwa tena yote hadi Juni 1958, miezi kadhaa baada ya kifo chake, pale mkwewe Jussi Jalas alipoiongoza. Sibelius mwenyewe aligusa kipande kimoja tu mwaka 1957, maombolezo ya Kullervo, ambayo aliyapangia okestra upya kwa ajili ya mwimbaji wa besi, sauti nzito ya kiume, Kim Borg. Mwendo haukurithishwa na mtunzi kwa yeyote. Kila kiongozi wa okestra anautafuta katika noti. Vänskä anapoipiga sehemu ya pili, ile ya ujana wa Kullervo, kwa utulivu wa bembelezo lisiloisha, mtu anaelewa kwamba mtoto huyu hakulelewa bali alivumiliwa, na bila uzito huo yale yatakayofuata hayana mzizi.

Sikiliza pia Lilli Paasikivi katika nafasi ya dada. Anaposimulia jinsi alivyopotea msituni alipokwenda kuchuma matunda, haongezi kilio chochote; anaieleza safari hiyo kama mtu aliyekwisha kuirudia peke yake mara nyingi. Ni yeye tena katika rekodi ya Vänskä na Okestra ya Minnesota iliyotoka mwaka 2016.

Kwa upande wa maneno, Jan Knappert aliitafsiri Kalevala kwa Kiswahili. Anayeweza kuipata asome nyimbo za 31 hadi 36 kabla ya kusikiliza, na kama muda ni mfupi, asome ya 35 na ya 36.

Sauti ya Nne

Hoja ya kutorithishwa kwa mwendo ni nzito na naipokea. Hata hivyo mapigo matano yana kikomo chake. Yakivutwa mno, sikio huanza kuyasikia kama mawili na matatu, na umbo la mstari hupotea. Pahala ambapo nakubali kwamba Vänskä hana mfano ni sehemu ya tano, Kullervo anaporudi pale alipomkosea dada yake, mahali ambapo hata nyasi zimekataa kuota, akauuliza upanga wake kama utakubali kula nyama yenye hatia. Kwaya inasimulia haya yote chini kwa chini, na ukimya wa Lahti katika kurasa hizo ni wa kutisha.

Mama wa Kwaya

Wanangu mmesema vizuri, ila msimwache mwenzenu akadhani kwamba kazi za Sibelius za aina hii zinaishia hapo. Baada ya Kullervo asikilize Tulen synty, yaani kuzaliwa kwa moto, ya mwaka 1902, iliyotungwa kwa uzinduzi wa jengo la Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini Helsinki. Finland ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa maana ya baritoni, mwimbaji wa sauti ya kati ya kiume, anayeimba peke yake juu ya jua na mwezi vilivyofichwa, kisha kwaya ya wanaume inayoingia na moto. Haizidi sana dakika 10. Ipo katika rekodi ya Paavo Järvi na Okestra ya Taifa ya Estonia, pamoja na kazi zake nyingine, Oma maa na Väinön virsi, rekodi iliyopata tuzo ya Grammy ya uimbaji wa kwaya mwaka 2004. Waestonia lugha yao ni ndugu ya Kifini, na hilo linasikika katika irabu zao ndefu.

Kisha Luonnotar, ya mwaka 1913, ya soprano mmoja, yaani mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, na okestra. Kazi hiyo iliandikwa kwa ajili ya mwimbaji Aino Ackté, na mama yake Aino, Emmy Achté, ndiye aliyeimba sehemu ya dada wa Kullervo mwaka 1892. Ninashauri rekodi ya Elisabeth Söderström akiwa na Vladimir Ashkenazy, au Soile Isokoski akiwa na Leif Segerstam. Ala za nyuzi zinanong'ona tangu mwanzo, mwimbaji anapanda hadi kilele cha sauti yake pasipo msaada mkubwa wa ala, na hapo ndipo masoprano wengi wanapolazimika kupiga kelele. Isokoski hapigi kelele, na ndiyo sababu nampendelea yeye.