Gemu la meli za vita: frigeti imepanda upepo wa omo, unaotoka mbele, matanga yamejaa! Hawa watu wanatuona mafala

Wakuu, mikono inanitetemeka. Saa saba usiku nimetoka kuzamishwa sasa hivi na silali mpaka niseme.

Mnawajua ninaowasema. Wale wale waliotengeneza gemu hili. Mwezi mzima wametupigia kelele kwamba apdeti mpya inaleta vita halisi vya matanga. Halisi!

Nina meli ya mizinga 100, sitaha tatu. Dakika arobaini nautafuta upande wa joshi, kule upepo unakotoka, polepole, kwa adabu, maana mwenye joshi ndiye anayechagua vita ianze lini. Nikaupata. Adui yuko demani, upepo unakoelekea, amekwisha. Basi kile kifrigeti cha mizinga 36 kikageuza omo na kunijia moja kwa moja KWENYE UPEPO. Bendera mlingotini inapepea kurudi nyuma tezini, tanga chini yake limetuna kwenda mbele. Upepo mmoja, mlingoti mmoja! Kikakata kona kama bodaboda, kikanipiga mkupuo mmoja, nikazama. MMOJA!

Kwenye vita vya baharini vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, Victory, meli ya Nelson amiri wa Waingereza, ilikuwa na upepo wake na bado ilijikokota kama mtu anayetembea kwa miguu, inatwangwa na haiwezi kujibu kwa sababu mizinga iko ubavuni. Meli 27 za Waingereza kwa 33 za Wafaransa na Wahispania, tangu adhuhuri mpaka jioni wanapigana, na iliyoangamia palepale ni moja tu, Achille, nayo iliungua ikalipuka. Nyingine zilitekwa, na nyingi kati ya hizo zikaja kumalizwa na dhoruba. Mbao zinaelea jamani! Yangu imezama kama tofali.

Nimewaandikia. Jibu dakika mbili: "Mchezo ni burudani." Tanga limetuna kuelekea upepo unakotoka, halafu burudani?

Kobe Mzee: Uzi bila picha? Rudi na ushahidi.

Mwana wa Wete: Mleta uzi yuko sahihi. Meli za matanga ya mraba hazipandi upepo hivyo. Hata jahazi, ambalo linakwenda joshi kuzishinda, lazima libishe, yaani liende kwa kukata pembe huku na huku. Babu yangu alikuwa nahodha. Kutoka Unguja kwenda Lamu wakati wa upepo wa kaskazi ni kubisha mpaka viganja vichubuke, wengi walikuwa wanangoja upepo wa kusi.

Mleta uzi: ASANTE! Na babu aliwahi kuona tanga linatuna kinyume na bendera?

Mwana wa Wete: Hajaona mtu.

Chuma Chakavu: Dakika 40 unatafuta upepo? Kaka, wenzio tunacheza, wewe unaanua nguo. Ndiyo maana unapigwa na watoto wa darasa la nne.

Mama Kevo: 😂😂😂 Kuanua nguo!

Mleta uzi: Cheka, ila nijibu: upepo uko mbele, tanga limejazwa na nini?

Chuma Chakavu: Na hasira zako.

Beki Tatu: Afadhali yako umezamishwa kwa mizinga. Mimi kwenye gemu la mpira dakika ya 90 kipa wangu kadaka, kageuka, kautupa mpira wavuni mwake. Kwa mkono. Nimevunja rimoti ya shemeji.

Kobe Mzee: Kipa wa namna hiyo hata mimi ninaye.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada wakuu. Bendera nyuma, tanga mbele.

Dogo Janja wa Nakuru: Mimi hata sijafika kwa hizo meli. Apdeti imekula bando yote ikakwama asilimia 97. Nikaanza upya.

Mama Kevo: Wacha weee, yangu ilikwama 99! Bando la wiki limeisha Jumatatu saa nne asubuhi.

Beki Tatu: Bando la wiki linafika Jumatatu? Langu nikifungua video mbili za mapishi linaniaga.

Mleta uzi: Jamani, frigeti...

Chuma Chakavu: Mama Kevo, uko mtandao gani? Nataka kuhama leo hii.

Mama Kevo: Njoo inbox, kuna bando la usiku hawalitangazi.

Kobe Mzee: Na mimi nakuja.