Shakti wanajuaje pa kutua? Swali kwa wanaojua tabla na solo

solo_temeke:
Wakuu, shikamooni wakubwa. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Nimezoea kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) zikibadilika nami nazifuata. Juzi rafiki kanitumia rekodi ya kwanza ya bendi ya Shakti, ile ya jukwaani Long Island, New York, Julai 1975. John McLaughlin, Mwingereza wa jazi, yuko na gitaa kavu, L. Shankar fidla, Zakir Hussain tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, Vinayakram anapiga ghatam, yaani mtungi wa udongo, na kuna mridangam pia, ngoma ya Kihindi ya pande mbili. Besi hakuna, kinanda hakuna. Wanakimbizana kwa kasi ya kutisha, kila mtu anabuni lake, halafu ghafla wote wanatua pamoja. Kuna mtu anatoa ishara? Au wamekariri?

tabla_mombasa:
Marahaba, mwanangu. Umeniuliza kazi yangu. Tabla nimeipiga kwenye taarab za harusi hapa Mombasa tangu ujana, na aliyenifundisha ni mzee wa Kihindi wa hapa hapa mjini.

Wanahesabu, tena wote. Kuna mzunguko wa mapigo unaoitwa tala. Tintal ina mapigo 16, adi tala 8. Pigo la kwanza la mzunguko ni sam, na hilo halisogei hata ufanye vituko gani katikati. Ukienda kwenye tamasha la Kihindi utawaona hata wasikilizaji wanapiga tala kwa kiganja juu ya paja.

Sasa huko kutua. Mara nyingi ni tihai: kipande kimoja kinarudiwa mara tatu, na pigo la mwisho la mara ya tatu linaangukia sam. Jaribu leo. Hesabu 16 kwa mguu. Ukifika pigo la tatu, anza kutamka "ta di gi na tom", silabi moja kila pigo, mara tatu bila kupumua. "Tom" ya mwisho itakukuta kwenye moja ya mzunguko unaofuata. Ukishaizoea, ipige kwenye gitaa kwa noti yoyote. Mwenzako akisikia kipande cha kwanza tu, anajua mwisho wake uko wapi, naye anajiunga. Kwa hiyo kukariri si lazima, ingawa zile sehemu wanazopiga sauti moja kwa pamoja wamezifanyia mazoezi hasa.

Kuhusu kodi: raga haihami. Noti zake zimechaguliwa, zina njia ya kupanda na njia ya kushuka, na solo yote inajengwa humo.

fidla_unguja:
Kaka wa Temeke, mimi ni mpiga fidla wa taarab. Sisi kwenye taksim mtu mmoja anatembea ndani ya makamu, yaani ngazi ya noti, bila mapigo, wenzake wamenyamaza au wanamshikia noti moja. Alap ya Wahindi, yaani mwanzo wa polepole wa raga, inafanana na hiyo, kwa hiyo haikunishangaza.

Ila sikubali watu wanaposema Shakti ni Mashariki na Magharibi nusu kwa nusu. Aliyesafiri mbali ni McLaughlin. Alisomea vina, ala ya nyuzi ya Kihindi, kwa S. Ramanathan katika chuo cha Wesleyan, Marekani. Halafu akatengenezewa gitaa la Gibson ambalo mpini wake umechimbwa katikati ya vyuma ili uzi uvutike sana, na nyuzi saba zaidi zimepita kimshazari juu ya tundu, zinavuma zenyewe. Gitaa ndilo lililofuata muziki wa Kihindi, na mimi namheshimu kwa hilo.

tabla_mombasa:
Dada, kwenye gitaa tuko pamoja. Lakini sikiliza wanavyojibizana: mmoja anatupa sentensi fupi, mwingine anairudisha imepinda. Wahindi wanayo hiyo, na watu wa jazi wanayo, ndiyo maana walielewana upesi. Na kuna ndoa nyingine ndani ya Shakti ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Zakir, mwana wa mpiga tabla Alla Rakha, ni wa muziki wa kaskazini mwa India. Shankar na Vinayakram ni wa muziki wa kusini, unaoitwa Karnatik. Majina ya tala ni tofauti, hesabu inafundishwa tofauti, na tabla na ghatam hazikuzoea kukaa jukwaa moja. Hao nao walilazimika kujifunzana.

solo_temeke:
Asanteni sana. Ile ya tano mara tatu imekubali kwa mdomo, kwenye gitaa bado vidole vinakimbia. Nikitaka kuendelea nisikilize nini?

tabla_mombasa:
Nenda kwenye albamu yao ya 2023, iliyoshinda Grammy mwaka 2024, mwaka huo huo aliofariki Zakir. Humo yumo Selvaganesh, mtoto wa Vinayakram, kwenye kanjira, kitari kidogo cha ngozi. Acha gitaa pembeni, fuata mkono wa Selvaganesh peke yake na upige adi tala kwenye paja: kofi, vidole vitatu kimoja kimoja, kisha kofi, geuza kiganja, kofi, geuza. Ukipotea, usisimamishe rekodi, subiri sam uingie tena.