Mlio kwenye spika za gari: ninunue filta, nyaya mpya au amplifaya nyingine?

Sikio_Kali (mleta mada):
Salamu wakuu. Nimefungiwa amplifaya ya chaneli 4 pamoja na subwufa, na tangu hapo spika zinatoa mlio hata nisipocheza wimbo wowote. Nimebaki na njia tatu: filta inayokaa kati ya redio na amplifaya, nyaya za RCA (zinazobeba sauti kutoka redio hadi amplifaya) zenye kinga nene zaidi, yaani lile ganda la chuma linalozunguka waya, au amplifaya nyingine ya daraja la juu. Ningependa kununua wiki hii. Ipi inafaa?

NyayaTupu:
Mkuu, umetaja dawa tatu bila kutaja ugonjwa. Ukikanyaga mafuta, mlio unapanda pamoja na mzunguko wa injini au unabaki vilevile? Injini ikizimwa na redio ikaachwa ikiwaka, unaendelea? Waya wa hasi wa amplifaya umefungwa wapi, na waya mkubwa wa umeme kutoka kwenye betri umepita upande mmoja na RCA au upande mwingine? Mlio unaopanda na injini, mchirizo usiobadilika na tik-tik ya plagi ni matatizo matatu tofauti, na hakuna kifaa kimoja kinachoyatibu yote.

KipazaMdogo:
Nunua filta na uendelee na safari zako. Ndani yake mna transfoma ndogo zinazopitisha sauti bila kuunganisha hasi ya redio na hasi ya amplifaya, kwa hiyo mzunguko wa umeme unaopita kati ya hasi hizo mbili na kuleta mlio unakatika. Ni kazi ya dakika chache na huhitaji kung'oa viti.

BesiNzito:
Filta hizo, hasa zile za bei ya chini, hupunguza besi ya chini kabisa, kwa kuwa transfoma ndogo hushindwa kubeba masafa hayo. Mtu aliyenunua subwufa kisha akaiwekea filta ya namna hiyo amejinyang'anya alichokilipia.

KipazaMdogo:
Filta nzuri haifanyi hivyo. Ninayo kwenye gari langu na besi inatikisa vioo.

Bi_Multimita:
Kabla ya kubishana kuhusu filta, pima. Zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, kisha washa. Mlio ukitoweka, unaingia kupitia RCA au redio. Ukibaki, tazama amplifaya yenyewe, umeme wake na nyaya za spika. Halafu, injini ikiwaka, pima betri: volti za DC (umeme wa mkondo mmoja) zikiwa kati ya 13.8 na 14.4, altaneta, yaani jenereta ya gari, kwa kawaida inachaji sawasawa, lakini geuza multimita kwenye AC (umeme wa kubadilika) pia. Ukiona zaidi ya nusu volti hapo, shuku dayodi za altaneta (zinazogeuza AC kuwa DC), na katika hali hiyo hata amplifaya ya kifalme itapiga mluzi.

MzeeWaRewaya:
Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu yanafanana na haya. Fundi mmoja alifungua waya wa hasi wa amplifaya yangu ili auhamishe, lakini hakuondoa chanya wala hakuchomoa RCA, na mfumo ulikuwa unawaka. Umeme uliokosa njia ya kurudi ulipita kwenye kinga ya RCA hadi ndani ya redio, ukaunguza kiunganishi kidogo kinachounga kinga hiyo na bodi ya redio. Siku hiyohiyo mluzi ukaanza. Karakana ikaniambia ni nyaya, nikanunua nyaya. Ikaniambia ni amplifaya. Nikanunua amplifaya, na mluzi ukawa uleule. Mwishowe fundi mwingine alichukua kipande cha waya, akaunganisha ganda la nje la RCA na bodi ya chuma ya redio, na mluzi ukakoma palepale. Amplifaya ya zamani, iliyokuwa nzima muda wote huo, nilikuwa nimeshaiuza.

Sikio_Kali:
Asanteni. Mlio unapanda nikikanyaga mafuta. Nilipochomoa RCA spika zilinyamaza. Hasi imefungwa kwenye bolti ya mkanda wa kiti cha nyuma.

NyayaTupu:
Iondoe hapo! Bolti hiyo ni ya kuokoa maisha, na mara nyingi ina gundi inayozuia umeme kupita vizuri. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, tumia bolti yake yenyewe, na waya uwe mfupi, wenye unene sawa na ule wa chanya.

BesiNzito:
Mimi ningepeleka hasi moja kwa moja hadi kwenye betri.

NyayaTupu:
Waya wa mita kadhaa una ukinzani mkubwa kuliko chuma kizima cha gari. Ingefaa zaidi kuongeza unene wa waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi ya gari.

BesiNzito:
Hiyo inategemea gari. Mengine yameunganishwa vipande vyake kwa gundi, si kwa kuchomelewa.

Bi_Multimita:
Mleta mada, swali moja kabla hujakwangua rangi: unasikiliza kutoka kwenye simu iliyounganishwa kwa waya huku inachaji? Chaja na waya wa sauti vikikutana kwenye simu hutengeneza mzunguko uleule.

Sikio_Kali:
Ndiyo, simu huwa inachaji muda wote. Sijajaribu bila chaja.

KipazaMdogo:
Basi filta ndogo ya waya wa simu itakutosha, na hiyo haigusi subwufa.

MzeeWaRewaya:
Au atumie Bluetooth, asinunue chochote. Ila redio yake ningeifungua hata hivyo.